Onja Kwanza

Kila asubuhi Jepkemei alimimina chai kwenye kikombe cha bati cha mumewe, akanywa funda moja, akafungua mdomo kumwonyesha kwamba amemeza, kisha akamsogezea. Kiprugut alimtazama kooni kwa muda. Chai ilipokwisha kupoa ndipo aliinywa. Ugali ulionjwa kila upande, hata chini ulikoshika sufuria, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya, alisema Kiprugut, haweki sumu mahali pa wazi. Mursik, yale maziwa ya kugandishwa, ilionjwa ya juu na ya chini ya kibuyu. Mara nyingi Jepkemei aliketi kula akiwa ameshashiba kwa kuonja.

Kuonja si jambo geni. Kwao, mwenye nyumba huonja anachompa mgeni ili mgeni ajue moyo wa mwenyeji ni mweupe. Ni adabu, na hufanywa mara moja tu huku watu wakicheka. Lakini Kiprugut hakuwa mgeni. Alikuwa mume wa nyumba hiyo, baba wa Chebet aliyeolewa Londiani, na mwenye posho mill, mashine ya kusaga mahindi, kando ya barabara nje kidogo ya Rongai. Ukutani mwa posho mill alikuwa ameandika kwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye mkebe: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO. Mwanamke akileta debe la mahindi aliulizwa kwanza ametumwa na nani. Wengi waliona heri kubeba debe lao hadi mjini Rongai, ingawa ni mwendo, kuliko kuhojiwa kama wezi wa ng'ombe.

Ng'ambo ya ua wa miiba ya kayaba waliishi Ndung'u na mkewe Wachuka. Katikati ya ua palikuwa na upenyo ambao wanawake hao wawili walikuwa wameutengeneza wenyewe, kidogo kidogo, kwa kupitisha chumvi, kaa la moto, ungo na umbea. Wachuka ndiye aliyesema kwanza kwamba huo ni ugonjwa.

"Jirani, huyo mzee wako hajalogwa," alisema, mwaka huo wa 2007, mvua ya masika ikiisha. "Kuna daktari wa mambo ya akili huko Nakuru, mama Mhindi. Alisaidia kaka yangu. Mpeleke tu."

Daktari Unnati alikuwa na chumba ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mlangoni palining'inia ndimu na pilipili mbichi kwenye uzi, za kuzuia kijicho. Mama yake daktari alizibadilisha kila Jumamosi, na daktari mwenyewe hakusema lolote juu yazo. Aliuacha mlango wazi, akamwambia Kiprugut achague kiti. Kiprugut akachagua kile kilichopakana na ukuta. Daktari akaketi mahali ambapo mikono yake ingeonekana muda wote.

"Hizi ni hulka, si wazimu," alisema. "Ni kama ndugu watatu wa boma moja. Mmoja anashuku kila mtu. Wa pili hachukii mtu, lakini hana njaa ya watu. Muache peke yake mwaka mzima, hata hatajua ulitoka. Wa tatu anaona ishara kila mahali. Ndege akilia, amelia juu yake. Mzee ni huyo ndugu wa kwanza."

"Dawa iko?" Jepkemei aliuliza.

"Ya kugeuza mtu, hakuna. Iko ya kupunguza makali wakati hofu imezidi, kidogo, kwa muda. Kazi yenyewe ni kuongea. Na itachukua muda, msinikimbize."

Kiprugut alitaka kujua ni nani anayemlipa aseme hivyo. "Ni wewe," Daktari Unnati alijibu, na Kiprugut, ambaye Jepkemei hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka, alicheka kupitia puani. Kisha akamtaka daktari aonje vidonge. Daktari alikataa bila kukasirika. Alimweleza kila kidonge kinafanya nini na kinaweza kumdhuru vipi, akamwachia aamue. Kwa hiyo wiki za kwanza ni Jepkemei aliyemega kila kidonge na kumeza kipande mbele ya mumewe, na ndiyo sababu alikuwa akisinzia kanisani. Daktari aliposikia alimkataza kwa ukali.

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi kulisema. Mtu akija, kabla Kiprugut hajaamini lile wazo la kwanza lililomjia, atafute jingine lianzalo na "labda". Alianzia nyumbani, kama mtoto anayekariri. Labda ana njaa. Labda amepita tu. Labda mbwa anabweka kwa sababu ni mbwa. Alikariri akichonga mawe ya mashine, akakariri akifunga mkanda wa injini, na Jepkemei alimsikia kupitia ukutani akaogopa kutumaini. Alichotaka si kikubwa. Alitaka siku moja kuweka chai mbele ya mume wake na mume wake ainywe.

Siku hiyo ilikuja Novemba, jua la asubuhi likiwa bado kwenye mgongo wa mlima Menengai. Jepkemei alimimina, akainua kikombe aonje kama kawaida, na Kiprugut akakifunika kwa kiganja.

"Wacha," alisema.

Akanywa chote. Kisha akapiga mwayo mrefu wa mtu aliyekosa usingizi miaka mingi, na hofu ikatoka. Ilitoka mdomoni, ikashuka kifuani ikijishikilia kwenye vifungo vya shati, ikasimama sakafuni. Ilikuwa fupi kama kigoda, rangi ya majivu, na uso wake ulikuwa mgumu kukumbuka hata wakati unautazama. Masikio yalikuwa ya Kiprugut kabisa. Ilitazama mlango, ikatazama dirisha, ikaenda kuketi kwenye kigoda cha wageni. Kiprugut alikuwa amekwisha kulala palepale kitini.

Jepkemei hakupiga kelele. Alikuwa ameishi na kitu hicho tangu aolewe, ni vile tu hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Na mgeni ni mgeni, akamimina chai nyingine. Hofu haikukigusa kikombe. Jepkemei akaonja. Ikanywa.

Ilipomaliza ilisimama ikaelekea mlangoni. Sasa, mgeni anayeondoka haachwi aende peke yake kama mbuzi. Husindikizwa hadi njiani, au hadi boma linalofuata, na hapo mwenyeji humwachia mkono akarudi. Jepkemei alijifunga leso akaenda nayo pole pole, kwa sababu ilikuwa na miguu mifupi. Barabara ilikuwa mbali kidogo. Upenyo wa uani ulikuwa karibu.

"Haya," alisema walipofika hapo. "Salimia watu wa huko."

Hofu iliinamisha kichwa, ikapita katikati ya miiba ya kayaba bila kukwaruzwa. Jepkemei alijiambia itakatiza tu uwanja wa Ndung'u itokee barabarani iende zake. Hakugeuka kuangalia. Ukitolewa mwiba huulizi umetupwa wapi, ingawa unajua watu wanatembea pekupeku. Usiku huo alilala usingizi wa mtoto.

Basi nyumba ikawa nyumba. Kiprugut alikula kilichopikwa, akasifu kisichostahili sifa. Wateja walirudi na madebe yao, akawasagia huku akiwauliza habari za watoto, na wao wakatazamana wakafikiri ameokoka.

Wachuka ndiye aliyebadilika. Siku moja Jepkemei alimpitishia chumvi kwenye upenyo, na Wachuka hakuipokea.

"Onja kwanza, jirani," alisema.

Jepkemei alicheka. Wachuka hakucheka. Nyuma yake, kando ya mlango wa jikoni, hofu ilikuwa imeketi kwenye kiti kizuri, sasa ikiwa na masikio ya Wachuka na imekua hadi kiunoni mwa mtu mzima. Jepkemei aliramba chumvi. Kisha akampitishia, akarudi kwake.

Hofu haingoji miezi ili izae kama ng'ombe. Kufikia Desemba kila boma lilikuwa na yake, na nyingine zilikuwa na mbili. Ulikuwa mwaka wa kura. Redio ya kila nyumba iliongea lugha ya nyumba hiyo, ya Kiprugut moja na ya Ndung'u nyingine, na hofu zilipenda kuketi karibu na redio, zikinenepa. Kwenye posho mill watu walimtaka Kiprugut arambe unga wa kila debe kabla hawajauchukua, naye akaramba tangu asubuhi hadi jioni, ndevu nyeupe pe. "Labda wanataka tu kuwa na hakika," alimwambia mkewe, na akakosa nafasi tumboni ya chakula cha jioni. Kanisani pasta alilazimika kunywa divai ya Meza ya Bwana kikombe kizima kabla mtu yeyote hajakubali kupiga magoti. Watu walisoma yale maandishi ya buluu ukutani wakatikisa vichwa, wakasema mzee huyu aliona mbali.

Jepkemei alienda Nakuru peke yake.

"Ilitoka," alimwambia daktari. "Ikahamia kwa jirani."

"Huwa inatokea," Daktari Unnati alisema. "Uliipeleka?"

"Hapana, Daktari. Niliisindikiza."

"Mlete huyo jirani," Daktari alisema. "Mtu akiogopa peke yake naweza kukaa na yeye, tuongee. Wakiogopa wote, sina viti."

Daktari akamfungulia mlango, ambao kwa mara ya kwanza ulikuwa umefungwa, atoke. Kwenye benchi la kusubiri, chini ya ndimu na pilipili, iliketi hofu moja iliyovaa sweta la mama yake daktari. Daktari aliona Jepkemei anaiangalia.

"Ilikuja wiki jana," alisema. "Mama anaipa chai."

Jepkemei alirudi moja kwa moja hadi kwenye upenyo na kumsihi Wachuka waende mjini pamoja. Ni yeye aliyemwonyesha daktari, alimkumbusha. Kaka yake alipona kwa daktari huyo huyo. Wachuka alimsikiliza huku akimtazama mikono.

"Na unataka nitoke kwa nyumba siku gani?" aliuliza. "Ndio ujue siku yenye hakuna mtu?"

Kura ikapigwa. Matokeo yakatangazwa Jumapili, na kabla ya giza moshi ukaonekana upande wa magharibi, mbali, kisha siku zilizofuata si mbali sana. Jepkemei aliacha kula. Kilichomtisha zaidi kilikuwa amani ya mumewe. Mtu pekee katika Rongai nzima ambaye angesikia nyayo kabla hazijafika alikuwa ameketi barazani akitafuna muwa.

"Labda wanachoma majani," Kiprugut alisema.

Siku moja Jepkemei alichukua pakiti ya vidonge akaenda nayo chooni, akaishika juu ya shimo. Alifikiri kwamba labda mumewe akivikosa hofu itamrudia, awe tena na masikio yake, na waonywe mapema wao na majirani. Akakumbuka kile kiganja juu ya kikombe. Akarudi ndani na pakiti, akamhesabia mumewe kidonge chake na maji, akilia, na Kiprugut akamuuliza kama ni kitunguu.

Walikuja mchana kweupe, mwishoni mwa Januari. Walikuwa vijana wa lugha ya kwao, ambao Jepkemei alijua mama zao kwa majina, na wawili kati yao alikuwa amewapangusa kamasi. Walikuwa na jerikani ya petroli. Kila mmoja alifuatwa na hofu yake, kubwa kumshinda, iliyomwekea mkono begani kama mjomba. Jepkemei aliwaona wakiwa bado kwenye kona ya barabara, akakimbilia penye upenyo.

"Jirani! Pitieni hapa! Ingieni store ya posho mill, nitafunga kufuli, hawatajua!"

Wachuka alikuwa amesimama ng'ambo na godoro kichwani. Ndung'u alikuwa na redio na mtungi wa maziwa.

"Kufuli upande gani?" Wachuka aliuliza.

Kufuli la store lilikuwa la nje, kama kufuli lolote la store.

"Nitaingia na nyinyi," alisema. "Haki ya Mungu, nitakaa ndani na nyinyi. Baba Chebet atafunga."

"Nilikuona, jirani," Wachuka alisema. Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayerudisha ungo. "Ile asubuhi nilikuwa nakamua. Ulikuja na hiyo kitu mpaka hapa, ukaiambia isalimie watu. Nikasema huyo ni mgeni wa jirani yangu. Nikaipatia kiti."

Ndung'u alimvuta mkono. Walikatiza katikati ya mabua makavu ya mahindi hadi barabara kuu, ambako lori lilikuwa likibeba watu waliofukuzwa kuwapeleka uwanja wa maonyesho mjini Nakuru. Jepkemei alibaki ameshika miiba ya kayaba kwa mikono miwili.

Nyumba ya Ndung'u ilikuwa ya mbao. Ilishika moto haraka, na mabati yakaanza kulia yakijikunja. Ndipo Kiprugut akatoka kwenye posho mill, akaona moshi, akajaza ndoo kwenye tangi na kukimbia nayo, maji yakimmwagikia viatuni.

"Rudi!" Jepkemei alimwita. "Ni wao wamechoma! Rudi ndani!"

"Labda wamekuja kuzima," alimjibu akiwa mbioni.

Vijana walimpisha kwa heshima. Aliyekuwa na jerikani aliiweka chini, akaipokea ndoo, akaitazama, akamrudishia.

"Onja kwanza, mzee," alisema.

Kiprugut akainama akanywa, akameza. Kijana akaridhika. Akanywa yeye, akampa mwenzake, na ndoo ikazunguka, kwa kuwa kazi ya moto ina kiu. Ilipofika kwa Kiprugut ilikuwa tupu. "Asante sana, mzee," walimwambia, mmoja mmoja, kama walivyofunzwa na mama zao. Paa likaanguka. Kiprugut alirudi mbio kujaza ndoo nyingine, na walipoiona inakuja wakaipokea hiyo pia.

Vijana walipokwisha kwenda, Jepkemei alienda penye upenyo akaita. Aliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita ng'ombe aliyemuuza.

"Rudi kwako," alisema. "Kigoda chako kipo. Mimi nitaonja kila kitu, kama zamani. Rudi tu, na wao warudi."

Hofu ilikuja. Sasa ilikuwa na kimo cha ghala la mahindi. Ilipiga magoti, ikajaribu kupitisha bega moja, kisha la pili, kwa adabu, bila kuvunja hata tawi. Haikuenea. Ilimtazama kwa masikitiko fulani, ikarudi ikaketi kwenye majivu, mahali palipokuwa jiko la Wachuka.

Wakubwa wa siasa walipeana mikono huko Nairobi, na mvua ikanyesha. Mtu mwingine alilima shamba la Ndung'u kabla mvua haijachanganya, akajenga nyumba ya mabati kando ya yale majivu. Hakuna aliyemuuliza. Mkewe, mama mnyenyekevu mwenye sauti ndogo, alikuja penye upenyo kuomba chumvi. Jepkemei aliramba, akampa. Wale vijana walileta mahindi kusaga wakangoja zamu yao.

Kiprugut alibeba unga hadi uwanja wa maonyesho, akawatafuta majirani zake katikati ya mahema hadi akawapata. Wachuka alimwambia aonje, akaonja unga mkavu hadi akakohoa. Ndung'u alishukuru, akapokea mfuko, akammwagia mbwa kiasi, wakasimama wote watatu kumwangalia mbwa.

"Labda mbwa alikuwa na njaa," Kiprugut alimwambia mkewe aliporudi.

Daktari Unnati, ambaye sasa aliongea na wagonjwa akiwa nyuma ya vyuma vya dirisha, alisema amefurahi sana. Hulka haiponi, inalegea tu, lakini ya Kiprugut ilikuwa imelegea kuliko alivyotarajia. Vidonge aliviondoa. Aliomba radhi kwamba hawezi kumfungulia mlango.

Jioni ya siku hiyo Kiprugut alitaka kumshukuru mkewe. Alimwambia aketi, apumzishe miguu. Aliwasha jiko mwenyewe, akachemsha maziwa yakafurika, akatia majani mengi kupita kiasi, akamletea chai katika kile kikombe cha bati kwa mikono miwili, akitabasamu.

Jepkemei alikipokea kikombe. Alimtazama mume wake. Aliwakumbuka vijana, na jinsi walivyomwambia asante mmoja mmoja, na jinsi ndoo ilivyorudi mara ya pili. Labda, alianza kujiambia, na neno lililofuata halikuja. Kwenye kigoda cha wageni iliketi hofu ndogo ambayo hakuiona ikiingia, rangi ya majivu, fupi kama kigoda chenyewe. Masikio yalikuwa yake.

"Onja kwanza," alisema.

Kiprugut hakuuliza kwa nini. Alinywa funda moja, akafungua mdomo kumwonyesha kwamba amemeza, kisha akamsogezea kikombe. Jepkemei alikiweka mezani, akasubiri chai ipoe.